Nani Kakataa Mishumaa

Mimi ni mwandishi wa hansadi.
Kazi yangu ni masikio na vidole;
ulimi nauacha getini pamoja na koti.
Mwaka wa kumi na tisa sasa naandika
*kelele upande wa kushoto, kengele, kelele upande wa kulia,*
na tangu Oktoba sijaandika *imepitishwa.*

Leo bajeti imerudi mara ya nne,
imebeba marekebisho mia mbili na sita
kama bibi harusi aliyevikwa makoti ya wajomba zake wote.
Haienei mlangoni.

Saa nne usiku, mapumziko ya dakika kumi
(yaani saa mbili, kwa wanaotujua),
nikateremka maktaba.
Kule chini ipo shajara ya bunge la kale,
la mabwana wenye panga kiunoni,
enzi ambayo sauti moja, moja tu,
ilitosha kuua kikao:
*Siruhusu.*
Na sheria zote za wiki sita,
hata zile alizozipigia makofi jana yake,
zikazikwa kaburi moja.

Ukurasa mmoja umenishika mkono.
Jua limezama, hoja haijaisha,
mtumishi kasimama na mishumaa kifuani
kwa kuwa kanuni yasema: usiwashe mpaka wote waridhie.
Mbunge mmoja akasema hapana.
Si kwa hoja. Kwa mishumaa.
Wakakaa gizani wakisikilizana pumzi,
kisha mmoja mmoja wakapapasa kuta
kuwatafuta farasi wao.

Miaka ikapita. Majirani watatu wakaigawana nchi
kama wagawanavyo mzoga:
hakuna aliyehitaji kuchinja.

Nilidhani nimegundua kitu.
Nikarudi ukumbini, kumbe wote wanakijua.
Wa kulia kanyoosha kidole:
"Ninyi ndinyi mliokataa mishumaa!"
Wa kushoto kasimama juu ya kiti:
"Ninyi! Na babu zenu!"
Historia wameishika huku na huku
kama ndugu na blanketi la marehemu,
kila mtu anavutia kwake,
baridi inaingia katikati.
Nikaandika: *kelele, pande zote.*

Kikao kikaahirishwa saa nane na robo.
Nje, Warshawa nzima iko chini ya theluji.
Dereva wa waziri amekwama,
na anayemsukumia gari, kofia mdomoni,
ni dereva wa upinzani.
Hilo haliingii kwenye hansadi.

Mkesha wa Krismasi tuko kwa mama.
Mume wangu Tymoteusz na kaka yangu Wawrzyniec
hawajasemezana tangu uchaguzi ule.
Kwetu mezani huwekwa sahani moja ya ziada,
ya mgeni asiyetarajiwa.
Kaka kapita sahani yake,
kaenda kukaa mbele ya ile ya mgeni.
Hakuna aliyemwuliza.
Samaki anapoa.

Mama kawasha njiti ya kiberiti,
akauliza kama aulizavyo kila mwaka,
maana macho yake siku hizi humdanganya utambi:
"Niwashe?"

Tymoteusz akaitazama chumvi.
Wawrzyniec akaitazama mikono yake.
Naujua uso wa mtu mwenye neno moja mdomoni;
nalipwa mshahara kuutazama.
Moto ukashuka njiti, ukakaribia kidole cha mama.
Hakuna aliyesema ndiyo.

Lakini kwa kanuni, za kale na za leo,
anayenyamaza ameridhia.
Sisemi ni amani, msinielewe vibaya.
Nimeandika tu, kichwani, kwa hati mkato,
kama nilivyozoea:

*Hakuna aliyepinga. Mshumaa ukawashwa.*
*Kelele, kuhusu miiba ya samaki.*